Amsterdam ya Winson Green

Jumanne, 19 Agosti 2025

Nimeshinda! Tiketi mbili za Amsterdam zimo ndani ya simu yangu. Ijumaa asubuhi tunaondoka, Jumatatu jioni tunarudi. Mji mkuu wa Uholanzi, si mchezo.

Haroun atajua hajui. Haroun ni mwanyumba wangu: kamuoa Safiya, dada wa mke wangu, na kwa sababu hiyo tu nimelazimika kumvumilia miaka yote hii. Wao wanakaa Edgbaston, penye miti. Sisi tunakaa Winson Green, penye jela. Mwaka jana alimpeleka Safiya Vienna, wakarudi na picha mia tatu. Tulionyeshwa zote. Moja baada ya moja. Kuna picha ya kikombe cha kahawa! Nilitaka kumwambia kwamba kahawa naijua tangu Unguja, haikuanza kwake.

Mwanasiti, mke wangu, alizitazama zote. Tulipokuwa kwenye basi tunarudi ndipo akasema. Akasema ana miaka ishirini na mbili Ulaya na hajaiona Ulaya. Alichokiona ni jiko la skuli anayopikia na ukuta wa jela. Nilimkasirikia Haroun wiki nzima.

Basi leo jioni nikampa habari. Alikaa kitako, kisha akaenda kuleta daftari. Kumbe ameandika siku nyingi! Kupanda mashua kwenye mifereji. Kuona vinu vya upepo. Kuingia jumba la makumbusho na kutoka pale atakapochoka mwenyewe, si pale nitakapochoka mimi. Kula chipsi za kwenye karatasi huku anatembea. Niliudhika kidogo. Nilitaka mpango wote uwe wangu.

Nimekagua pasipoti. Ya kwake mpya. Yangu inaisha Januari mwakani. Niliiomba mapema mwaka 2015 kabla ile ya zamani haijaisha, wakanizidishia miezi tisa ya bure juu ya miaka kumi. Haroun alisubiri yake mpaka ikaisha kabisa, akapata miaka kumi mikavu. Nimemkumbusha jambo hili mara nyingi. Wajinga ndio waliwao.

Jumatano, 20 Agosti

Mwanasiti alitaka tuondoke kimya kimya. Alisema safari haitangazwi, watu watajua tukisharudi. Nikamwambia safari isiyojulikana ni sawa na kulala nyumbani. Nikaandika kwenye kundi la jumuiya, watu mia na tisini wa Unguja na Pemba na bara, wote wa Birmingham: Tunaelekea Amsterdam, mwenye salamu alete.

Nilisema salamu! Sikusema mizigo. Lakini kwetu mtu akisafiri, begi lake ni mali ya umma. Ilipofika magharibi sebule ilikuwa imejaa. Halua. Ubani. Dagaa wakavu, wamefungwa karatasi tatu na bado wananuka. Sufuria ya biriani, tena na mfuniko wake, kana kwamba Uholanzi nzima hakuna sufuria. Nimetoa suruali zangu mbili kwenye begi ili dagaa wapate nafasi. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula.

Kisha Bi Zainab akatuita kwake. Bi Zainab ni mkubwa wetu hapa, amepita themanini, miguu haimruhusu tena kusafiri. Mjukuu wake Nasreen anaolewa huko huko Amsterdam, Jumapili alasiri. Akatoa kisutu chake, ile kanga ya bibi harusi. Kile chenyewe, chekundu na cheusi na cheupe, alichovikwa siku aliyoolewa, kisha akavikwa mama yake Nasreen naye. Sasa ni zamu ya Nasreen. Posta yeye haiamini. Akakiweka juu ya viganja vyangu, akaniambia hii ni amana.

Nikamwambia Bi Zainab, mzigo ukishafika mikononi mwangu uhesabu umefika. Mwanasiti alinitupia jicho. Simwelewi mwanamke huyu.

Ijumaa, 22 Agosti

Laana! Laana! Naandika haya nimekaa sakafuni jikoni kwangu, mapazia yamefungwa.

Kisa ni hiki. Tumefika uwanja wa ndege mapema, mimi mbele, Mwanasiti nyuma na koti lake jipya la mvua. Binti mmoja mwenye kucha ndefu za buluu akaitazama pasipoti yangu. Akaitazama tena. Akaniambia kwa upole, ule upole wa kukera, kwamba siwezi kusafiri. Ati huko hawatazami tarehe ya kuisha peke yake, wanatazama na siku iliyotolewa. Ikishapita miaka kumi tangu itolewe, haiingii. Miezi yangu tisa hawaitambui!

Nikamwambia asome vizuri, imeandikwa Januari 2026. Akasema amesoma. Nikamwambia amwite mkubwa wake. Mkubwa wake akaja, kucha fupi, jibu lilelile. Nikapandisha sauti. Foleni nzima ikageuka kunisikiliza. Nimegundua kwamba mtu hawezi kudai haki yake vizuri akiwa amekumbatia sufuria ya biriani.

Halafu yule binti akamgeukia Mwanasiti. Akamwambia ya kwake haina tatizo, yeye anaweza kwenda. Begi lilikuwa tayari juu ya mzani. Mwanasiti akanitazama. Nikasema mke wangu haendi popote bila mimi, nikalivuta begi chini. Alifumbua mdomo kama anataka kusema kitu, akaufunga. Nadhani alikuwa ananishukuru.

Sasa, safari si kitu. Tatizo ni Haroun. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kupanda ndege Manchester, kumbe tiketi yake ni ya hapa hapa Birmingham. Kisa hicho nimekisimulia mimi. Nimekisimulia harusini, nimekisimulia kazini Tyseley tunakoosha mabehewa ya treni, nimekisimulia hata matangani, maiti hajazikwa. Nikionekana mtaani na begi kabla ya adhuhuri, Haroun atanisimulia mimi mpaka siku ya kufa kwangu, na siku hiyo pia.

Hila ikanijia ndani ya teksi. Safi! Tuteremke mtaa wa nyuma, tuingie kwa mlango wa uani. Mapazia chini. Taa marufuku. Vitunguu visikaangwe, harufu husema. Mpaka Jumatatu jioni sisi tuko Amsterdam. Jumatatu tutatoka kwa mlango wa nyuma na kuingia kwa wa mbele, tumechoka na safari.

Mwanasiti hakusifu. Alikuwa amejifunika mtandio muda wote, nikadhani analia. Tulipoingia ndani akauliza, na kisutu cha watu je? Nikamwambia nitafikiria. Akasema angeweza kwenda yeye. Akasema tena, kwa sauti ya juu. Nikamwambia apunguze sauti, tuko Amsterdam.

Saa tisa alasiri ufunguo ukazunguka mlangoni. Niliruka chini ya meza. Alikuwa Mzee Sukhdev, jirani yetu, Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Nilimpa ufunguo mwenyewe juzi aje amwagilie nyanya zangu za dirishani, nikasahau. Akaiona miguu yangu. Akainama akaniuliza, "Bwana Mbarouk, si wewe uko Amsterdam?" Nikamwambia nimerudi kidogo. Alicheka mpaka akashika friji.

Ameapa hatamwambia mtu. Kisha akachukua kopo akamwagilia nyanya zote, mche mmoja mmoja, mimi nikiwa bado chini ya meza, kama vile simo. Hilo limeniuma kuliko kicheko.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku mbaya. Ilianza vizuri.

Baada ya sala ya alfajiri nikaazima baiskeli ya Sukhdev. Nilikuwa na maua ya plastiki ya sebuleni, na wazo: watu wote hapa wanajisifu kwamba Birmingham ina mifereji kuishinda Venice. Basi ikiwa tunaishinda Venice, Amsterdam ni nani? Nikamwambia Mwanasiti avae koti lake jipya tukapige picha. Akasema yeye hatoki, yuko Amsterdam, amechoka na matembezi. Kejeli tupu.

Nikaenda peke yangu mpaka mifereji ya mjini. Baiskeli ya Sukhdev ni ndefu, yeye ana miguu ya twiga, mimi nilikuwa nayagusa makanyagio kwa ncha za vidole. Nikamsimamisha mama mmoja mwenye mbwa anipige picha. Akaniuliza, "You alright, bab?" Heshima ile! Angalau kuna mtu mmoja mji huu anayejua kwamba mimi ni baba wa watu, ingawa na mbwa wake alimwita bab. Nikashika maua, nikatabasamu. Bata bukini mmoja mkubwa akatoka majini, akaja moja kwa moja kwenye maua. Nilimpa teke, akalikwepa, akaniuma goti. Picha ya tano ndiyo iliyofaa.

Nikaituma kwenye kundi. Nikaandika: Amsterdam asubuhi. Mji msafi mno, wenzetu wamestaarabika.

Haikupita dakika kumi, Haroun akaniandikia. Si kwenye kundi, kwangu pembeni. "Mwanyumba, ifute hiyo picha. Mifuko ya taka inaonekana." Nikaitazama vizuri. Nyuma ya bega langu kulikuwa na mlima wa mifuko myeusi, ile ile yetu ambayo wazoa taka waliogoma hawajaizoa tangu majira ya baridi, na juu ya mlima godoro. Shetani mkubwa Haroun! Mtu mwenye adabu angejifanya hakuona. Nikaifuta, lakini watu arobaini walikuwa wameshaipa dole gumba, na mmoja ameuliza kama na Uholanzi nao wamegoma.

Saa nne Bi Zainab akapiga simu, kwenye simu ya Mwanasiti. Mwanasiti akaiweka mezani, akaiacha iite. Akasema yeye mzee yule hamdanganyi. Basi nikaichukua mimi. Kuna watu wa kukaa na kuna watu wa kutenda.

Bi Zainab aliuliza kama tumefika salama. Nikagonga kengele ya baiskeli karibu na simu. Akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia ndiyo Amsterdam yenyewe hiyo, baiskeli huku ni kama nzi. Akafurahi. Akaniuliza kisutu. Hapo ningeweza kusema lolote. Nikasema kimefika. Nikasema Nasreen amekipokea kwa mikono miwili, amekinusa, amelia.

Bi Zainab naye akalia. Akaanza kuniombea dua. Aliniombea mimi, akawaombea wazee wangu waliotangulia, akawataja kwa majina, baba yangu, mama yangu, na shangazi yangu ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau. Ilikuwa dua ndefu. Nilisimama pale nimeshika kengele. Nilikasirika sana. Sijui nilimkasirikia nani.

Nilipogeuka Mwanasiti alikuwa nyuma yangu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele, kelele nazijua. Alikitoa kisutu juu ya kabati, akakikung'uta, akakikunja upya. Akapiga simu mbili, moja kwa dada yake. Kisha akaniarifu: kesho asubuhi anakwenda Amsterdam na Safiya. Tiketi ameilipa kwa pesa zake za upatu.

Nikamwambia haiwezekani, kundi zima linajua tumefika tangu jana, na mtu hafiki pahala mara mbili. Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ndani. Nimelala sebuleni na dagaa.

Jumapili, 24 Agosti

Amekwenda.

Haroun alikuja kuwachukua kwa gari lake. Mlango wa mbele! Taa zote zinawaka! Akapiga na honi. Siku mbili nimejificha kama mwizi, yeye kaja na honi. Nyumba ya pili pazia lilisogea, nimeliona.

Nilimwambia Mwanasiti kwamba akiulizwa aseme nimebaki hoteli, tumbo linaniuma. Akasema akiulizwa atasema kilichotokea. Nikamkumbusha kwamba njia ya kusema kweli ina miiba. Akasema ameivalia viatu. Kisha akaniaga vizuri tu, kwa mkono, kama mgeni anavyowaaga wenyeji. Miaka ishirini na sita ya ndoa, mkono!

Nimeshinda na nyanya. Moja imeiva. Nimeila kwa chumvi.

Alasiri mlango ukagongwa. Haroun na sufuria ya pilau, Safiya ameipika jana ili sisi wawili tusife njaa. Nilitaka kuikataa. Lakini pilau alikuwa ameipasha moto. Akakaa, tukala. Nikamsubiri aanze kunicheka nipate kumtoa nje. Hakucheka. Akasema tu kwamba ile sheria ya pasipoti inawanasa wengi, hata mfamasia mwenzake ilimnasa.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema tangu Ijumaa. Kumbe Mwanasiti ndani ya teksi hakuwa analia chini ya mtandio, alikuwa ananong'ona na dada yake! Nikamuuliza amemwambia nani. Akasema hajamwambia mtu. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa. Akasema, "Kwani hilo ni jambo la kusema?"

Nimefura! Mtu anakabidhiwa siri kama ile, anakaa nayo siku tatu, na hata haitumii! Huko si kunidharau huko? Yaani mimi sifai hata kusengenywa? Ingekuwa ya kwake, mimi ningekuwa nimeshamaliza misikiti miwili.

Na si hivyo tu. Akanipigapiga bega akasema makosa humpata kila mtu, yeye mwenyewe aliwahi kwenda Manchester kwa tiketi ya Birmingham. Akacheka. Amekisimulia mwenyewe! Kisa changu! Miaka mitatu nakitunza, nakinoa, yeye anakitoa bure tu mbele ya pilau. Sasa hakina thamani tena. Nilikula sahani ya pili kwa hasira.

Jioni Bi Zainab akanipigia, safari hii kwenye simu yangu. Nikajua kumekucha. Mwanasiti alimwonyesha harusi yote kwa simu, amemwona Nasreen ndani ya kisutu kwa macho yake, na Mwanasiti amemweleza kila kitu, kuanzia kucha za buluu mpaka kengele. Nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu matatu. Bi Zainab aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema basi vizuri, akakata.

Majibu yangu matatu yamenibaki kooni. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 25 Agosti

Sikukuu ya benki. Kila mtu nyumbani, watoto wanapiga mpira ukutani kwangu. Nimefungua dirisha nikawakaripia, nikakumbuka kwamba niko Amsterdam, nikalifunga.

Saa sita Haroun akanitumia picha. Mke wangu anapigwa picha, inakwenda kwa Haroun, ndipo Haroun anigawie! Niliapa sitaifungua. Niliifungua.

Mwanasiti yuko kwenye mashua, katikati ya mfereji, upepo umeuchukua mtandio, ameushika kwa mkono mmoja, mkono wa pili una chipsi za kwenye karatasi. Anacheka. Mdomo wazi, meno yote. Nimejaribu kukumbuka mwaka aliocheka hivyo mara ya mwisho, nimeshindwa.

Niliitazama muda mrefu. Nikakasirika. Kwanza kwa sababu mimi simo. Halafu nikakasirika kwa kutojua aliyemchekesha ni nani. Halafu nikaliona lile begi juu ya mzani, Ijumaa, na mkono wangu ukilivuta, na yeye akiufunga mdomo. Hilo sitaliandika zaidi.

Amerudi jioni. Amechoka, amepata rangi ya jua puani. Ameniletea biskuti nyembamba zenye asali katikati. Akasimulia kidogo. Makumbusho walikaa muda wa saa tatu nzima, kwenye vinu walipanda mpaka juu, na Nasreen alipovikwa kisutu wanawake wote walipiga vigelegele mpaka jirani wa Kiholanzi akaja kuuliza kuna nini, wakampa halua. Mizigo yote ameifikisha, hata dagaa.

Kisha akanitazama, akasema anasubiri kusikia neno kutoka kwangu. Nikamuuliza neno gani. Akasema nalijua. Nilifikiri sana. Nikamweleza kwamba nyanya moja imeiva, na kwamba majani ya mche wa tatu yana madoa.

Akaenda kulala. Begi kaliacha ukumbini, hajalifungua. Uchovu.

Jumanne, 26 Agosti

Mambo yamenyooka! Kumbe ufumbuzi ulikuwa mbele ya pua yangu.

Kazini leo walinibana. Wanataka kuona picha, na niliyo nayo ni ile moja ya mashua, ambamo mimi sionekani. Nikiwa ndani ya behewa na ndoo yangu, jibu likanishukia. Sionekani kwa sababu mpiga picha haonekani! Mtu aliyepiga picha ana haja gani ya kuwamo ndani yake? Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Nikaitoa ile picha ya mashua, nikaituma kwenye kundi. Nikaandika: Mke wangu, Amsterdam. Nilimwambia acheke, akacheka. Picha: Mbarouk.

Imepokelewa vizuri ajabu. Watu hamsini na sita mpaka magharibi. Maashallah zimemiminika. Bi Zainab ameweka ua moja, bila maneno, mzee wa watu, ameshanisamehe. Haroun kimya. Ni wivu huo.

Mwanasiti aliisoma amesimama jikoni na koti bado mwilini, ametoka dukani. Aliisoma polepole. Akaniuliza kama kuna kitu ninachotaka kumwambia. Nikamwambia ndiyo, ni watu hamsini na sita, na bado wanaongezeka. Akaniuliza kama ni hicho tu. Nikatazama simu. Walikuwa hamsini na nane.

Kisha akaenda ukumbini akalishika begi lake, lile lile ambalo hajalifungua. Akasema anakwenda kwa Safiya. Nikamuuliza kwa siku ngapi. Akasema hajui. Nikamwambia asisahau kurudisha ile sufuria ya pilau ya watu, kwani tutaonekana hatuna adabu. Akaichukua. Nilimtazama dirishani mpaka akapinda kona kuelekea kituo cha tramu. Bila shaka anakwenda kuzungumza na dada yake habari za safari. Wanawake wakishasafiri pamoja hawaishi maneno.

Nyumba imekuwa kimya. Kimya hiki nacho kinaniudhi.

Sasa hivi tu mtu ameuliza kwenye kundi. Ati amemwona Bi Mwanasiti kituoni na begi, peke yake, anafuta macho. Kulikoni?

Watu wa mji huu hawana kazi! Nimemjibu hapo hapo, wote wasome. Nimeandika kwamba mke wangu yuko safarini tena, na kwamba nimempeleka mimi mwenyewe.